Kwa nini kampuni za masoko ya utabiri zinaomba kudhibitiwa?

Msomaji mmoja ameniandikia swali hili: "Nimesoma kwamba kampuni za Marekani zinazoendesha masoko ya utabiri zimeunda muungano wa kuishawishi serikali, na muungano huo unatangaza wazi kwamba unataka masoko hayo yadhibitiwe. Mimi nimezoea kuona wafanyabiashara wakizikimbia sheria, sijazoea kuwaona wakizifuata zilipo. Je, hawa wana nia njema, au kuna jambo ambalo sijaliona? Na hatimaye, hii ni kamari au si kamari?"

Ndugu msomaji, nianze na lile la kwanza. Kampuni hizi zinaposema zinataka kudhibitiwa, hazisemi uongo. Ila ukisoma maombi yao kwa makini utaona kwamba wanapigania mdhibiti wa aina moja tu: tume ya serikali ya shirikisho iliyoko Washington, ambayo ikishatoa ruhusa, majimbo yote 50 yanakuwa hayana tena nafasi ya kukataa. Mabishano yote unayoyasoma, ya mahakamani na ya bungeni, yanazunguka hapo. Anayekuambia kwamba ugomvi uko kati ya wanaotaka sheria na wasiotaka sheria amekupoteza njia.

Ili tuelewane, tuutazame mkataba wenyewe kwa karibu. Chukua swali kama hili: je, benki kuu ya Marekani itapunguza riba katika kikao chake kijacho? Kwenye skrini unaona vitufe viwili; kimoja kimeandikwa Ndiyo, senti 38, na kingine Hapana, senti 63. Ukinunua Ndiyo na riba ikapunguzwa, unalipwa dola 1, yaani faida yako ni senti 62. Riba isipopunguzwa, senti zako 38 zimekwenda. Bei hiyo ya senti 38 husomwa kama uwezekano wa takriban asilimia 38. Sasa jumlisha bei zote mbili: unapata senti 101 badala ya 100. Senti hiyo moja ya ziada ni pengo kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia, na juu yake kampuni hutoza ada. Kwa hiyo kampuni haishindani na mteja kama inavyofanya kampuni ya kubeti, ambayo mteja akishinda yenyewe hupoteza. Inakaa katikati, inawakutanisha wawili wenye maoni tofauti, na inajipatia chake kila mkataba unapobadili mikono. Huo ndio msingi wa hoja yao kubwa kwamba wao ni soko, na ni hoja yenye uzito. Lakini uuone pia upande wake wa pili: mapato yao yanategemea wingi wa biashara, hayategemei usahihi wa utabiri.

Huenda ukajiuliza inakuwaje tume iliyoundwa kusimamia ngano na mafuta iwe ndiyo inayosimamia utabiri wa uchaguzi au wa mechi. Mkulima anayehofia bei kushuka wakati wa mavuno huuza mazao yake mapema kwa mkataba wa siku za usoni, na mwenye kinu anayehofia bei kupanda hununua mkataba huohuo. Kila mmoja amejikinga na hasara yake. Katikati yao huingia walanguzi wasio na shamba wala kinu, ambao wanakisia bei tu, na bila wao soko lisingekuwa na wanunuzi wa kutosha. Tangu karne ya 19 Wamarekani wamebishana kama mlanguzi huyo ni mfanyabiashara au mcheza kamari. Mwaka 1905 Mahakama ya Juu ililikabili swali hilo katika shauri ambalo soko la nafaka la Chicago lilitaka kuizuia kampuni moja ya Kansas City isiendelee kutumia bei zake. Miaka ile kulikuwa na vibanda vingi ambavyo wateja walikisia humo kupanda na kushuka kwa bei za nafaka, pasipo punje hata moja ya nafaka kuuzwa. Jaji Oliver Wendell Holmes, akiandika uamuzi ulioipa Chicago ushindi, alisema kwamba ukisiaji wa namna hii unaofanywa na watu wenye ujuzi ni njia ya jamii kujirekebisha kulingana na yale yanayoelekea kutokea. Ukisikiliza hotuba za wakuu wa masoko ya utabiri leo, utasikia wazo hilohilo karibu neno kwa neno. Mimi nawakumbusha wanafunzi wangu kwamba ushindi ule ulilinufaisha soko lililokuwa likitaka kuwafukuza washindani wake, na kwamba hoja ya manufaa kwa jamii na hoja ya mfuko wa mwenye soko zilikuwa zimefungwa katika furushi moja tangu siku hiyo.

Sheria ya Biashara ya Bidhaa ilitungwa mwaka 1936, na mwaka 1974 ikaundwa tume ya kuisimamia, ambayo hufahamika kwa kifupi kama CFTC. Mambo mawili katika sheria hiyo ndiyo yanayozifanya kampuni ziipende tume hii. La kwanza ni kwamba mamlaka yake juu ya mikataba inayouzwa kwenye masoko iliyoyasajili ni ya pekee. Kampuni zinakisoma kifungu hicho kuwa mdhibiti mwingine, hata jimbo, haruhusiwi kuingilia. La pili lilikuja na marekebisho ya mwaka 2000, ambayo yaliruhusu soko lililosajiliwa kujithibitishia lenyewe kwamba mkataba mpya unatimiza matakwa ya sheria, na kuanza kuuuza mara tu baada ya kuipelekea tume taarifa. Tafadhali litazame jambo hili la pili kwa makini, kwa maana ndilo roho ya mambo yote: soko haliombi ruhusa kwa kila mkataba, linatoa taarifa, na mzigo wa kuuzuia unabaki kwa tume. Tume yenyewe ni ndogo, ina wafanyakazi wasiofika elfu moja, na inasimamia masoko ya mafuta, dhahabu, riba na sarafu za nchi mbalimbali kabla hata ya kufikia mechi za mpira.

Mwaka 2010, baada ya msukosuko mkubwa wa fedha, Bunge la Marekani liliongeza kifungu mahsusi. Kiliipa tume uwezo wa kuzuia mikataba ya matukio ikiwa inahusu vitendo vilivyokatazwa na sheria, ugaidi, mauaji ya viongozi, vita, michezo ya kubahatisha, au jambo jingine linalofanana na hayo, pale tume inapoona kwamba mkataba unakwenda kinyume na maslahi ya umma. Wakati wa mjadala, Seneta Blanche Lincoln alieleza kwamba ingekuwa rahisi mtu kutunga mkataba juu ya Super Bowl, yaani fainali ya mpira wa Kimarekani, au mbio za farasi za Kentucky Derby, na kwamba mikataba ya aina hiyo isingekuwa na kazi yoyote ya kibiashara zaidi ya kamari. Maneno yake yamo katika kumbukumbu za Bunge. Hata hivyo kilichopigiwa kura ni maandishi ya kifungu, na kifungu kinasema tume "inaweza" kuzuia. Neno hilo moja limewalisha mawakili wengi.

Upande wa pili wamesimama wasimamizi wa majimbo. Kwa desturi ya Marekani, kamari ni jambo la jimbo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilifuta sheria ya shirikisho ya mwaka 1992 iliyokuwa ikiyazuia majimbo mengi kuruhusu kubeti kwenye michezo, na tangu hapo majimbo mengi yameruhusu, kila moja kwa masharti yake: leseni, kodi, umri ambao katika majimbo mengi ni miaka 21, na orodha ambayo mtu aliyeshindwa kujizuia anaweza kuandikisha humo jina lake ili asipokelewe tena. Majimbo makubwa kama California na Texas hayakuruhusu. Kwa hiyo, kampuni yenye usajili wa CFTC inapoweka mkataba juu ya mshindi wa mechi ya leo usiku, inaufikia umma wa majimbo yote 50, mteja akiwa na miaka 18, bila kulipa kodi ya kamari ya jimbo, na bila kupita kwenye mlango wa jimbo hata siku moja. Hilo ndilo jambo ulilokuwa hujaliona, ndugu msomaji. Udhibiti unaoombwa ni wa kweli, una wakaguzi na una adhabu, lakini pia ni ngao dhidi ya udhibiti mwingine.

Haikuwa hivi tangu mwanzo, na napenda nikae hapa kidogo kwa sababu historia ya utetezi wa masoko haya inasahaulika upesi. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Iowa kilianzisha soko dogo la kutabiri uchaguzi wa rais kwa ajili ya utafiti na ufundishaji. Tume ililiandikia barua za kuahidi kutolichukulia hatua, mradi kila mtu asiweke zaidi ya dola 500. Bei za soko lile mara nyingi zilikaribia matokeo kuliko kura za maoni, na wanauchumi walivutiwa. Mwaka 2008 kundi lao, ambamo alikuwemo Kenneth Arrow, mshindi wa tuzo ya Nobel, lilichapisha katika jarida la Science ombi kwamba sheria itoe kinga kwa masoko ya utabiri ya viwango vidogo, ili watafiti, mashirika na serikali wayatumie kama chombo cha kukusanya maarifa yaliyotawanyika miongoni mwa watu wengi. Hao walikuwa watetezi wa kwanza wenye sauti, nao waliomba dola chache na uhuru wa utafiti. Leo kampuni zenye thamani ya mabilioni ya dola zinatumia hoja zao zilezile, zikiwa zimeliacha nyuma lile sharti la viwango vidogo. Siwalaumu kwa kutumia hoja nzuri. Nasema tu kwamba ushahidi uliokusanywa kutoka kwenye soko la dola 500 kwa mtu hauthibitishi moja kwa moja manufaa ya soko ambalo mtu mmoja anaweza kuingia na mamilioni.

Kati ya nyakati hizo mbili tume ilikuwa ikisema hapana mara nyingi. Mwaka 2012 ilikataa mikataba ya uchaguzi ya soko lililoitwa Nadex, na mwaka huohuo ikaishtaki Intrade ya Ireland, ambayo iliwafungia mlango wateja wa Marekani na mwaka uliofuata ikasimamisha biashara. PredictIt, iliyohusishwa na Chuo Kikuu cha Victoria huko Wellington, ilipata barua ya ruhusa mwaka 2014 kwa kikomo cha dola 850 kwa kila mkataba, kisha barua hiyo ikafutwa mwaka 2022, na mahakama ya rufaa ikaizuia tume isiifunge. Polymarket ilitozwa faini ya dola milioni 1.4 mnamo Januari 2022 kwa kuendesha soko bila usajili, na ikajiondoa Marekani.

Kampuni ya Kalshi ilichagua njia nyingine. Waanzilishi wake, Tarek Mansour na Luana Lopes Lara, walikaa miaka wakifuatilia usajili kabla ya kuuza mkataba wa kwanza, na wakaupata mwishoni mwa 2020. Mwaka 2023 walipotaka kuuza mikataba kuhusu chama kitakacholitawala Bunge, tume ilikataa kwa kusema ni michezo ya kubahatisha na ni kinyume cha maslahi ya umma. Kalshi ikaenda mahakamani, na Septemba 2024 Jaji Jia Cobb akaamua kwamba uchaguzi si mchezo, na kwamba kuweka fedha juu ya uchaguzi hakuufanyi uwe mchezo. Mahakama ya rufaa ikakataa kuusimamisha uamuzi huo mwanzoni mwa Oktoba, wiki chache kabla ya uchaguzi wa rais, na Mei 2025 tume ikaiacha rufaa yake.

Sasa angalia kilichotokea ndani ya shauri lile, kwa sababu ni somo kuhusu namna ya kusoma utetezi wa sekta yoyote. Ili kumshawishi jaji kwamba uchaguzi hauingii katika maneno "michezo ya kubahatisha", mawakili wa Kalshi walieleza kwamba Bunge lilikuwa na sababu ya kuiwekea tahadhari mikataba inayohusu michezo yenyewe, kwa kuwa mikataba ya namna hiyo ni nadra kuwa na kazi ya kumkinga mtu na hasara ya kibiashara. Hoja ilikuwa nzuri na ilishinda. Januari 2025 kampuni hiyohiyo ikaanza kuuza mikataba ya michezo katika majimbo yote, na muda si mrefu michezo ikawa ndiyo sehemu kubwa kabisa ya biashara yake. Walipoulizwa na majimbo, walijibu kwamba matokeo ya mechi yana athari za kiuchumi kwa wenye hoteli, wauza matangazo na watengeneza jezi, na kwa hiyo mkataba ni halali chini ya sheria ya shirikisho. Kisheria inawezekana kuzisimamisha kauli hizi mbili kwa kutofautisha vifungu, na mawakili wao wamefanya hivyo kwa ustadi. Lakini mimi, kama mtu anayetaka sheria iwe na maana ileile Jumatatu na Jumanne, naona vigumu kuzikubali zote mbili.

Usidhani kwamba upande wa pili wanaongozwa na huruma tupu. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Chama cha wafanyabiashara wa kamari cha Marekani kinayapinga masoko haya kwa nguvu, na wanachama wake ndio wanaolipa leseni na kodi za majimbo, kwa hiyo mshindani asiyelipa anawaumiza. Mataifa ya wenyeji asilia, ambayo kwa sheria ya mwaka 1988 yana haki za kuendesha kamari katika ardhi zao na ambayo hutegemea mapato hayo kwa shule na afya, yana malalamiko ambayo kwangu mimi ni mazito kuliko ya kampuni yoyote. Kisha mwishoni mwa 2025 FanDuel na DraftKings, majina makubwa kabisa ya kubeti, walikihama chama hicho na kuingia wenyewe katika masoko ya utabiri. FanDuel wakishirikiana na CME la Chicago, kundi linaloendesha masoko ya mikataba ya siku za usoni, na DraftKings wakinunua soko dogo lililokuwa na usajili wa tume. Desemba 2025 Kalshi, Robinhood, Coinbase, Crypto.com na Underdog wakatangaza muungano wao wa utetezi, ambao nadhani ndio uliousoma.

Marekani imewahi kuona pia utetezi wa kinyume, yaani sekta inayoomba soko lisiwepo kabisa. Wakulima wa vitunguu, baada ya walanguzi wawili kuhodhi vitunguu vya Chicago mwaka 1955 na kisha kuiangusha bei mpaka gunia likawa na thamani kuliko vitunguu vilivyokuwa ndani yake, waliliomba Bunge lipige marufuku mikataba ya siku za usoni ya vitunguu, na mwaka 1958 wakakubaliwa. Mbunge aliyewasaidia aliitwa Gerald Ford, ambaye baadaye akawa rais. Mwaka 2010 studio za filamu za Hollywood zilifanya vivyo hivyo: tume ilikuwa imekwisha kuruhusu mikataba juu ya mapato ya filamu mpya, nazo zikalishawishi Bunge kuipiga marufuku katika sheria ileile niliyoitaja. Hadi leo vitunguu na mapato ya filamu ndivyo vitu viwili ambavyo sheria ya Marekani inavikataza kwa majina. Ni ushahidi kwamba mpaka kati ya mkataba halali na haramu katika nchi hiyo umechorwa mara nyingi na waliofika bungeni kwanza.

Kuna ukaribu pia wa watu. Brian Quintenz, aliyekuwa kamishna wa tume, alikaa katika bodi ya Kalshi, kisha mwaka 2025 akapendekezwa kuwa mwenyekiti wa tume hiyohiyo, na baadaye pendekezo likaondolewa. Donald Trump Mdogo, mwana wa rais, ni mshauri wa Kalshi tangu Januari 2025, na kampuni ya uwekezaji ambamo yeye ni mshirika iliweka fedha Polymarket mwaka huohuo. Tume ambayo kisheria inapaswa kuwa na makamishna watano ilimaliza mwaka 2025 ikiwa na mmoja tu. Sisemi kwamba mtu yeyote kati ya hawa amevunja sheria. Nasema kwamba mtu anayeomba apelekwe kwa hakimu fulani lazima aulizwe anamfahamianaje.

Baada ya hayo yote nirudi kwenye swali lako la mwisho, kama ni kamari. Nimelifikiria kwa miaka na nimeacha kulijibu kwa jumla. Nalijibu kwa kila mkataba. Naanza kwa kuuliza kama yuko mtu, nje ya soko, ambaye tukio hilo litamgharimu fedha hata kama mkataba usingekuwepo. Mkataba wa riba ya benki kuu unapita kwa urahisi, kwa kuwa mwenye mkopo wa nyumba na mwenye kiwanda wote wana cha kujikinga nacho. Mkataba wa kiwango cha mvua au cha mfumuko wa bei unapita. Mkataba wa chama kitakachoshinda uchaguzi unapita kwa shida, kwa kuwa sera za kodi na forodha hubadilika na chama. Mkataba wa nani atafunga bao la kwanza haupiti, na sioni aibu kuuita kwa jina lake.

Kisha nauliza ni nani anayeyajua matokeo kabla ya wengine. Mapema Januari 2026, majeshi ya Marekani yalipomkamata Rais Nicolás Maduro wa Venezuela, akaunti moja ya Polymarket ambayo siku na saa chache kabla ilikuwa imeweka zaidi ya dola 30,000 kwamba angeondoka madarakani ilijipatia faida ya zaidi ya dola 400,000. Mbunge Ritchie Torres wa New York akawasilisha mswada wa kuwakataza maofisa wa serikali kufanya biashara katika mikataba inayohusu mambo wanayoyajua kwa kazi yao. Watetezi wa masoko wanasema, na hapa nakubaliana nao kwa sehemu, kwamba soko lililosajiliwa ambalo linajua majina ya wateja wake linaweza kumkamata mtu wa namna hiyo, wakati soko la nje lisilouliza majina haliwezi. Ila wapo wasomi wanaokwenda mbali zaidi na kusema taarifa za ndani zina faida kwa sababu zinaifanya bei iwe sahihi. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Operesheni ya kijeshi inapoanza kuonekana kwenye bei kabla haijaanza kwenye uwanja wa mapambano, usahihi wa bei ni hatari kwa askari walioko njiani.

Swali langu la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi: nani anaamua kilichotokea? Mwaka 2025 Polymarket ilikuwa na mkataba uliouliza kama Rais Volodymyr Zelenskyy wa Ukraine angevaa suti kabla ya mwezi Julai. Mwishoni mwa Juni alitokea kwenye mkutano wa NATO mjini The Hague akiwa na koti jeusi na suruali ya kufanana nalo. Vyombo kadhaa vya habari viliandika kwamba amevaa suti. Wengine wakasema koti lile ni la kijeshi kwa mshono wake. Zaidi ya dola milioni 200 zilikuwa zimefanyiwa biashara katika swali hilo, na uamuzi haukuwa wa hakimu wala wa tume, bali wa kura za wamiliki wa sarafu ya kidijitali ya mfumo wa usuluhishi uitwao UMA, watu ambao hakuna kilichowazuia kuwa na mikataba katika swali hilohilo. Waliamua Hapana. Pima mwenyewe: mtu aliyekisia vema kwamba rais atabadili mavazi alipoteza fedha zake kwa sababu ya tafsiri ya neno "suti". Katika ngano kuna daraja za ubora zilizoandikwa na wapimaji wanaokula kiapo. Katika matukio ya dunia kuna maneno tu, na maneno yanahitaji msimamizi asiye na fedha mezani.

Kwa hiyo unapousoma waraka wa muungano wowote unaoomba "udhibiti bora", usitosheke na neno lenyewe. Angalia kama unakubali mkataba upate ruhusa kabla ya kuuzwa, au unaishikilia haki ya kujithibitishia. Angalia unasema nini juu ya umri, juu ya mtu anayetaka kujifungia mwenyewe, na juu ya kikomo cha hasara. Tazama kama unataja mataifa ya wenyeji asilia hata mara moja. Nyaraka nyingi nilizosoma zina kurasa nyingi juu ya hekima ya umati na mistari michache juu ya mambo haya. Ningeunga mkono kwa moyo wote muungano ambao ungesema: tupeni tume moja ya shirikisho kwa mikataba ya uchumi, hali ya hewa na sera, tupeni wasuluhishi huru, na michezo tuiache kwa majimbo. Hoja ya wanauchumi wa 2008 ingebaki salama, na sehemu ya utabiri yenye manufaa ya kweli isingezama pamoja na kubeti.

Mahakama bado hazijakubaliana. Katika Nevada jaji wa shirikisho aliipa Kalshi zuio dhidi ya jimbo mnamo Aprili 2025, na Novemba mwaka uleule jaji huyohuyo akaliondoa baada ya kuona mahali ambapo hoja ya kampuni ingefika. New Jersey jaji aliamua upande wa kampuni. Maryland jaji aliamua upande wa jimbo. Na Massachusetts, ambako jimbo lenyewe ndilo lililoishtaki kampuni, hakimu wa jimbo alitoa zuio dhidi ya mikataba ya michezo mapema mwaka 2026. Mgawanyiko wa namna hii ndio hulifikisha shauri katika Mahakama ya Juu, isipokuwa Bunge liwahi kuandika upya lile neno "inaweza". Hadi hapo, tume inapopendekeza kanuni hupokea barua za maoni kutoka kwa yeyote na kuziweka wazi zisomwe na wote, zikiwa na majina ya walioziandika. Zile za shauri la Kalshi la 2023 na za kanuni iliyopendekezwa mwaka 2024 bado zinasomeka. Anza na za kampuni, kisha soma za majimbo, na katika kila moja tafuta aya inayoeleza nani atamlipa mteja soko linapokosea.